Tarehe kwenye git log zikionekana kuruka-ruka

Ukiona komiti (rekodi ya badiliko) ya Jumatatu imekaa juu ya ile ya Jumatano kwenye git log, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inayoorodhesha komiti, mpya zikiwa juu, usidhani historia imeharibika. Kila komiti ina tarehe mbili: ya mwandishi, yaani siku kazi ilipoandikwa, na ya aliyeiingiza kwenye historia. Git hupanga kwa hii ya pili, lakini inayokuonyesha ni ile ya kwanza! Ukifanya rebase, yaani kuzipanga upya komiti zako juu ya komiti nyingine, tarehe ya mwandishi hubaki ile ile, ya pili inakuwa ya sasa. Andika git log --format=fuller uzione zote mbili.

Matawi (mistari ya kazi inayokwenda sambamba) yakiwa mengi, mpangilio wa kawaida huchanganya komiti zake kwa kufuata saa. Mimi hupendelea --topo-order: kila tawi linasomeka kwa mfululizo, na mzazi (komiti iliyotangulia) haonyeshwi kabla ya watoto wake (komiti zilizojengwa juu yake) kamwe. Ukitumia --graph, inayochora matawi kwa mistari, unaupata mpangilio huu bila kuuomba.

Halafu kuna --reverse, inayogeuza orodha ianze na komiti ya zamani, na inawapoteza wengi. git log --reverse -5 haikupi komiti tano za mwanzo wa mradi. Git huchukua kwanza tano za mwisho, ndipo inazigeuza.