Jinsi ya Kuchagua Gemu Ngumu ya Risasi ya Kucheza kama Kundi

Mtu akiingia kwenye chumba cha gemu ninachokisimamia hapa Kisenyi, Kampala, akasema "tupe gemu ngumu, tuko watatu," simtajii jina papo hapo. Namuuliza maswali kwanza. Gemu ambazo unapiga risasi huku mhusika wako akipanda levo na kupata silaha na uwezo mpya ni nyingi, na karibu zote zinajisifia ugumu. Mimi natafuta ugumu wa aina moja: ule unaokulazimisha umtegemee mwenzako. Kama kila mmoja anaweza kushinda kivyake alimradi ana bunduki kubwa, mmekaa chumba kimoja tu, hamchezi pamoja. Hatua zifuatazo ndizo ninazowapitisha wateja.

Hatua ya 1: Hesabuni watu

Remnant II na Outriders huchukua watu 3. Borderlands, The Division 2 na Warframe huchukua 4. Destiny 2 kwa kawaida ni 3, lakini mapambano yake makubwa, yaani reidi, yanataka 6. Mkiwa wanne mkanunua gemu ya watatu, kila jioni kuna mmoja atakayekaa pembeni akitazama, na baada ya muda haji tena.

Ulizeni pia nani atakuwa mwenyeji. Katika Remnant II mnacheza ndani ya dunia ya mwenyeji. Wageni wanaondoka na vitu walivyopata na mhusika aliyekua, lakini hadithi kwenye dunia zao inabaki palepale. Kwa hiyo mwenyeji awe yule asiyekosa.

Hatua ya 2: Pimeni mashine, data na umeme

Hapa Uganda hatua hii huamua nusu ya jambo. Bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na gemu hizi ni nzito. Remnant II inataka nafasi ya GB 80, Borderlands 3 GB 75. Borderlands 2, ya mwaka 2012, inatosha kwenye GB 20 na inakwenda hata kwenye kompyuta ambayo gemu mpya zimeshaikataa.

Msipakue mara tatu kitu ambacho mnaweza kukipakua mara moja. Tangu 2023, Steam, duka la gemu za kompyuta la mtandaoni, inaruhusu kompyuta moja kuvuta faili za gemu kutoka kwa kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule wa ndani. Kila mtu lazima awe na nakala aliyoinunua, lakini data inayoliwa ni ya mmoja. Mmoja aache kompyuta yake ipakue usiku, kesho yake wengine waje na zao.

Kisha tazama kama gemu inakubali kuchezwa bila intaneti. Destiny 2, The Division 2, Outriders na Warframe zinataka intaneti muda wote, hata ukiwa peke yako. Mtandao ukikatika, mmetoka. Borderlands 2 kwenye kompyuta inachezwa kwa mtandao wa ndani, na toleo la PS4 la mwaka 2015, Borderlands: The Handsome Collection, linagawa skrini kwa watu 4 kwenye televisheni moja. Kwa kundi la mtaani lenye PS4 moja na pedi nne, sijaona mpango ulio nafuu kuliko huo. Hakuna bando, wala hakuna anayesubiri seva ya mbali ijibu. Kinachobaki ni Yaka tu, yaani umeme wa kulipia kabla, na hiyo mnachangia.

Hatua ya 3: Chunguza ugumu wenyewe umetengenezwaje

Hapa usiwe na haraka. Kuna gemu zinazoongeza ugumu kwa kumpa adui damu nyingi, yaani uhai mwingi wa kumaliza. Unampiga risasi, anasimama, unampiga tena, bado anasimama, na wewe hufanyi jambo lolote jipya. Huo ni uchovu. Ugumu wa kweli unakubadilishia kazi: unakutaka utazame, useme, usogee, umsubiri mwenzako.

Chukua mfano wa Remnant II. Ukifika kwenye eneo liitwalo Labyrinth unakutana na Labyrinth Sentinel. Huyo bosi, yaani adui mkubwa wa eneo, hana uso wala mikono. Ni masanduku makubwa ya mawe yanayobingirika kwenye njia nyembamba, na likikupitia juu umekufa hapohapo hata kama damu ilikuwa imejaa. Kila sanduku lina sehemu inayong'aa, na hiyo ndiyo ya kupiga. Tatizo ni kwamba likibingirika, upande unaong'aa unageuka. Wewe huuoni, mwenzako aliye upande wa pili anauona. Mkicheza kimya mnakanyagwa mmoja baada ya mwingine. Mkigawana pembe, kila mmoja akisema "linakuja kwako" au "liko wazi kwangu", linapigika. Ongeza hapo kwamba katika gemu hii risasi yako inamuumiza hata rafiki, kwa hiyo huwezi kumimina risasi ovyo mbele ya mwenzako.

Borderlands 2 inafanya hivyo kwa njia nyingine. Ukiishiwa damu hufi mara moja. Unaanguka chini ukiwa bado na bunduki mkononi na muda unaohesabiwa, na ukimuua adui yeyote kabla haujaisha, unainuka. Kundi zuri linajua maana yake: adui aliyekwisha kudhoofika hamalizwi, anaachiwa aliyeanguka. Na ukifika kiwango cha Ultimate Vault Hunter Mode, kilichoongezwa mwaka 2013, maadui wanajirudishia damu wenyewe. Hapo inabidi mmoja awapake slag, ile rangi ya zambarau, na wenzake wapige kwa moto, umeme au sumu, maana adui aliyepakwa huumia mara tatu zaidi. Ukinunua Borderlands 2 peke yake hakikisha kiwango hicho kimo, kwa sababu kiliuzwa kama nyongeza. Kwenye The Handsome Collection kimo tayari.

Ukitaka kuijua gemu usiyoifahamu, tafuta video ya watu wakipigana na bosi wa katikati ya hadithi, si wa mwanzo, uitazame kwa sauti. Sikiliza wanachosemezana. Kama dakika nzima inapita na hakuna aliyemhitaji mwenzake, iache hata kama picha zake zinavutia.

Hatua ya 4: Tazama mali inagawanywaje

Hatua fupi, lakini nimeona marafiki wakinuniana kwa ajili yake. Katika Borderlands 2 silaha zinaanguka chini na mwenye mbio ndiye anayeziokota. Borderlands 3 inawaacha mchague: ama hivyo, ama kila mmoja aone zake na maadui wapimwe kulingana na levo ya kila mchezaji. Kama kundi lenu lina mtu wa levo 30 na mwingine wa levo 8, mpangilio huo wa pili ndio utakaowaweka pamoja.

Hakikisheni pia wahusika wanatofautiana kikazi. Katika Remnant II unaweza kuunganisha fani mbili kwa mhusika mmoja, kwa hiyo mmoja anaweza kuwa mponyaji mwenye mbwa, mwingine mpigaji wa mbali. Pangeni kabla hamjaanza.

Hatua ya 5: Jaribu kabla pesa haijakwenda

Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa 2. Muda wa kupakua hauhesabiwi. Saa hizo mbili zinaliwa haraka na video za utangulizi na mafunzo, basi ruka unachoweza kuruka, alikaneni mapema, mtafute adui wa kwanza anayewaua wote. Kisha angalia kinachofuata. Watu wakianza kusema "safari hii wewe pita kushoto, mimi nitamvuta," gemu imewafaa. Kila mtu akishika simu yake, ombeni pesa irudi kabla saa hazijaisha.

Wasio na pesa kabisa waanze na Warframe, ambayo ni bure tangu 2013. Mjue tu kwamba mwanzo wake ni rahisi. Ugumu unaostahili jina hilo uko kwenye hali ngumu zaidi iitwayo Steel Path, na hiyo haifunguki mpaka umalize ramani nzima ya sayari. Ni safari ndefu.

Hatua ya 6: Chagua kiwango cha kuanzia

Remnant II ina Survivor, Veteran, Nightmare na Apocalypse, na hicho cha mwisho hakifunguki mpaka umalize hadithi mara moja. Kundi la watatu waliozoea gemu za risasi nalianzisha Veteran. Survivor inawaacha washinde bila kusemezana, na tabia hiyo ya ukimya ni ngumu kuiondoa baadaye. Nightmare siku ya kwanza nayo inawavunja moyo wale ambao vidole vyao bado havijaijua pedi.

Sasa majina. Watatu wenye kompyuta nzuri na intaneti isiyoyumba: Remnant II. Wanne wenye PS4 moja: The Handsome Collection, chezeni Borderlands 2 mpaka mfike Ultimate. Wanne wenye kompyuta za zamani: Borderlands 2 kwa mtandao wa ndani. Sita wanaoweza kweli kukutana saa ileile kila wiki: reidi za Destiny 2, lakini someni kwanza ipi iko wazi bila kununua nyongeza. Na kundi lolote mtakalokuwa, nunueni vipokea sauti vyenye maiki kabla ya kununua gemu ya pili.