SOMO: Kusoma mvua za kale kwenye tope la bahari

Tutatumia bonde la Cariaco, chini ya bahari kwenye pwani ya Venezuela. Kuanzia kina cha mita 300 hivi maji yake hayana oksijeni, hivyo hakuna minyoo ya kufukua tope, na tabaka za kila mwaka zimebaki zilivyolala. Tabaka jeupe ni mabaki ya planktoni, viumbe wadogo waeleao majini, wa kiangazi. Jeusi ni udongo ulioletwa na mito msimu wa mvua.

Hatua ya 1. Pasua nguzo ya tope, yaani tope lililochomolewa kwa bomba kutoka sakafu ya bahari, kwa urefu, sawazisha uso, funika kwa plastiki nyembamba mno. Hapa msiharakishe! Uso wenye mikwaruzo au matone ya maji huharibu vipimo vyote vinavyofuata.

Hatua ya 2. Ipitishe kwenye mashine ya eksirei, usome kiasi cha titani, aina ya metali. Titani hutoka kwenye miamba ya nchi kavu na viumbe wa bahari hawaitumii. Mvua ikizidi, mito husomba udongo mwingi, titani hupanda. Chuma nacho husomwa, ila hubadilika tope likikosa oksijeni. Mimi naiamini titani zaidi.

Hatua ya 3. Tafuta umri. Okota magamba ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini, pima kaboni-14, kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Maji ya bahari yana kaboni kuukuu. Usipoiondoa hesabuni, umri utazidi kwa miaka 400 hivi.

Hatua ya 4. Chora. Mwanasayansi Gerald Haug na wenzake walipochapisha mchoro wao mwaka 2001, titani ilikuwa juu kati ya miaka 10,500 na 5,400 iliyopita, kisha ikashuka: ukanda wa mvua ulikuwa umesogea kusini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, je, titani haiwezi kupanda kwa sababu msitu umefyekwa tu?
Inaweza, ndugu yangu, na ndiyo hoja nzito kuliko zote. Titani hupima udongo uliofika baharini, haipimi milimita za mvua. Tafuta shahidi wa pili: nta ya majani iliyozikwa kwenye tope hilohilo. Mvua kubwa za tropiki huwa na hidrojeni nzito (aina ya hidrojeni yenye uzito zaidi) pungufu, na mmea huihifadhi alama hiyo kwenye nta.

Na huku Afrika Mashariki?
Wanasayansi Jessica Tierney na Peter deMenocal walipima nta hiyo kwenye tope la Ghuba ya Aden, wakachapisha mwaka 2013. Pembe ya Afrika ilikuwa na mvua nyingi, kisha miaka 5,000 hivi iliyopita ukame ukaingia ndani ya karne chache tu.

Shikamoo mwalimu. Nguzo ikishapimwa, inatupwa?
Marahaba. Hapana, kamwe! Nusu moja hukatwa sampuli, nyingine huwekwa akiba kwenye chumba cha baridi, nyuzi 4 hivi, isikauke.