Ukienda taarabu Lamu, vunja noti mapema
Ukialikwa usiku wa taarabu Lamu, ile ya uani ya watu wachache, nenda na noti za 50 na za 100. Mwimbaji akifika ubeti uliokugusa, inuka taratibu, ipunge noti juu, kamtunze. Ila angalia ni ubeti gani! Nyimbo hizi zina mafumbo, na ukiinuka kwenye kijembe huku jirani yako amekaa nyuma, atajua umemlenga yeye. Mimi niliinuka siku moja kwa sababu ya utamu wa sauti tu. Shoga yangu hakunisemesha wiki nzima.

Wahi bashrafu, ile ya ala tupu, huja mwanzo. Kaa karibu na udi au kanuni, zile ala za nyuzi, mbali na spika. Mpigaji akiingia taksimu, akibuni papo hapo kama watu wa jazi, nyamaza, na simu iwe mkobani.

Kama umelala Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, patana na mwenye boti kabla hujaingia uani. Usiku wa manane bei hupanda, na ukisema utembee zile kilomita 3 za ufukweni maji yakiwa yamejaa, leso italowa hadi kiunoni.