Kuchora kazi za kijijini ukiwa mjini: mbinu za Patrick DesJarlait kwa mchoraji wa Dar

Patrick DesJarlait, mchoraji Mojibwa (kabila la wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini) aliyezaliwa Red Lake, Minnesota, Marekani, mwaka 1921, alifanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara mjini Minneapolis. Michoro yake mwenyewe ilirudi kwao: uvuvi, upikaji wa sukari ya utomvu wa mti, na uvunaji wa manoomin, nafaka ya ziwani inayopigwa idondokee mtumbwini, kisha hukaangwa, hukanyagwa na kupepetwa. Aliyekulia kwenye mpunga Rufiji na sasa anaishi Mbagala hahitaji kuelezewa zaidi.

Chagua kazi, usichague mandhari. Chukulia mpunga: andika hatua kwa mfuatano, yaani kupura, kuanika jamvini, kutwanga, kupepeta, na kando ya kila hatua andika nani alikuwa ameshika nini. Kisha chora vijichoro kumi vya penseli, kila kimoja sentimita 5 kwa 7, dakika mbili tu kila kimoja. Chagua kile ambacho miili imejaza takriban robo tatu ya karatasi. Wengi hukosea hapa: mbingu kubwa, minazi miwili, watu wadogo kama sisimizi. Hiyo ni kadi ya watalii.

Kabla ya rangi, kagua mwili. Mpe mtu ungo halisi umtazame: viwiko viko karibu na mbavu, viganja ndivyo vinavyorusha. Watwangaji wawili hupokezana, kwa hiyo mchi mmoja uko juu mwingine uko ndani ya kinu. Ukiichora yote miwili juu, kinu kimesimama. Na upepo ni mmoja. Pumba zikienda kushoto huku moshi wa jikoni ukienda kulia, bibi yeyote wa Utete atacheka.

DesJarlait alitumia rangi ya maji. Tahadhari: dukani kwa vifaa vya ujenzi ukiomba “rangi ya maji” utapewa ya ukutani. Unataka ya tyubu, ya wachoraji, na karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Loweka karatasi dakika 5 kwenye beseni, ilaze juu ya plaiwudi ya milimita 12, ubandike kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi inayoamshwa kwa maji. Selotepu haishiki karatasi mbichi. Iache ilale kivulini usiku kucha. Wakati wa masika huenda ukahitaji siku mbili. Ukiianika juani hukauka upande mmoja kwanza, utepe hubanduka na karatasi hujikunja.

Kwa kila rangi changanya viwango vitatu, hafifu, wastani na nzito, kwenye vizibo vya chupa, vya kutosha kazi nzima, maana kuipata tena rangi ileile ni bahati. Anza na hafifu. Kwa brashi namba 2 hadi 4 iliyokamuliwa kwenye kitambaa, weka mistari mifupi, kama sentimita moja, inayozunguka umbo: mkononi iupinde mkono, mgongoni iufuate mgongo. Ndiyo inayoleta unene wa mwili. Kabla ya mkono wa pili wa rangi gusa karatasi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa baridi bado ina maji, na ukipaka hapo rangi ya chini itaamka na kugeuka tope.

Ngozi usiipake nyeusi ya tyubu, inaua uso. Changanya hudhurungi ya udongo na buluu, kisha acha buluu kidogo begani panapopokea mwanga wa anga. Kanga nayo haikai bapa kama dukani: pindo hupinda na nyonga, na jina hukatika kwenye mkunjo.

(Edward Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyefariki Dar mwaka 1972, mwaka uleule wa DesJarlait, alipaka rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Rangi hiyo inang’ara vizuri, lakini haifai kwa mistari hii: ukirudia juu ya mkono wa rangi uliokauka juujuu tu, unajikunja.)

Wakati wa kuweka fremu, acha nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya karatasi na kioo kwa vipande vya kadibodi. Kwa unyevu wa pwani, karatasi inayogusa kioo hung’ang’ania na kuota ukungu.