Kuzunguka Goma kwa taksi-bisi ukiwa na saa chache kati ya boti na boti

Kila likizo ndugu wa Bukavu na wa kisiwa cha Idjwi, huku kwetu Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, hunipigia simu na swali lile lile: boti inatufikisha Goma asubuhi, inaondoka tena alasiri, hapo katikati tufanye nini? Wengi hubaki bandarini wakilinda mifuko mpaka saa ya kupanda. Inaniuma, kwa sababu mji huu unaonekana vizuri sana kupitia dirisha la bisi, na nauli yake haimshindi mtu. Juzi nimemwongoza shangazi yangu na wajukuu zake, mimi nikiwa kazini, yeye njiani na simu sikioni. Baada ya hapo nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Jambo la kushika ni moja: panga matembezi kutoka mwisho kuja mwanzo. Anza na saa ya kupanda boti, kisha rudi nyuma. Na ukitoka bandarini, nenda kwanza mahali pa mbali kabisa, halafu tembea ukirudi kuelekea ziwani. Wanaoanza na vya karibu huishia kukimbizana na saa wakiwa mbali.

Hatua ya 1: Uliza saa ya kupanda kabla hujashuka

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya boti kung'oa nanga. Wewe unataka saa ya abiria kuwa bandarini, kwa sababu kuna majina ya kuandikisha, vitambulisho vya kuonyesha na mizigo ya kupimwa. Muulize mtu wa boti mwenyewe, si mchukuzi. Omba na namba ya simu ya mtu wa tiketi. Hapo hapo uliza jina la bandari uliyoshukia, uliandike. Nitaeleza mbele kwa nini.

Uliza pia habari za siku: barabara ipi imefungwa, usalama ukoje. Hapa kwetu hali hubadilika kati ya asubuhi na mchana, na watu wa bandarini hujua mapema. Wakikwambia leo usiende mbali, usiende mbali.

Hatua ya 2: Pesa na mizigo

Noti ndogo za franka, basi. Konvoyeri, yaani utingo wa bisi, hana chenji ya dola, na dola yenye mpasuko hata kidogo hakuna atakayeipokea. Usitegemee benki. Mizigo mikubwa iache kwa mtu unayemfahamu au kwenye ofisi ya boti, upewe karatasi. Kitambulisho na tiketi zikae mwilini mwako, zisibaki kwenye mfuko ulioacha.

Hatua ya 3: Chagua mstari mmoja tu

Kutoka katikati ya mji kuna mistari miwili inayomfaa mgeni mwenye saa chache.

Wa kwanza ni wa magharibi, barabara ya Sake: unapita Katindo na Himbi, unafika Ndosho na hatimaye Mugunga. Wa pili ni wa kaskazini, barabara ya Rutshuru: Majengo, kisha kuelekea Buhene, ambako lava, ule mwamba ulioyeyuka wa volkano ya Nyiragongo, ilisimama tarehe 22 Mei 2021, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Mimi nachagua magharibi kwa mtu anayekuja mara ya kwanza, hasa akiwa na watoto. Mlima unauona, nyumba za mawe meusi unaziona, masoko unayaona, na barabara ni moja iliyonyooka, huwezi kupotea. Kaskazini ni kwa yule ambaye hamu yake ni lava. Buhene utakuta mwamba mweusi uliomwagika juu ya mashamba na nyumba, na utaelewa kwa nini usiku ule mji mzima ulikuwa barabarani. Lakini usijaribu yote mawili kwa siku moja. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na walichokiona zaidi ni migongo ya abiria wenzao.

Kuna watakaokushauri uchukue moto, yaani pikipiki ya abiria, siku nzima. Sikubali. Juu ya moto unashika chuma na kufumba macho kwa vumbi, na mtoto humwoni vizuri amekaaje. Moto iweke kwa dharura ya kurudi. Kutazama mji ni kazi ya bisi.

Hatua ya 4: Kupanda, na upande wa kukaa

Toka bandarini mpaka Signers, mzunguko wa katikati ya mji, ndipo bisi nyingi zinapopita. Zile Hiace hazina namba ya mstari. Konvoyeri anaita kwa mdomo, "Ndosho, Ndosho, Mugunga!" Usipande kwa kusikia tu. Muulize, "Baba, mnafika Mugunga yenyewe?" Akisema tunaishia Ndosho, si vibaya, ila ujue kabla.

Nauli usimuulize konvoyeri, muulize mama aliyekaa tayari. Atakwambia bei ya kweli, na mara nyingi atakuwa mwongozaji wako njia nzima.

Ukielekea magharibi kaa upande wa kulia, dirishani. Huko ndiko Nyiragongo iliko, mlima wa mita 3,470, na asubuhi kabla mawingu hayajaufunika utauona wote mpaka kinywani, pamoja na moshi wake. Kufika mchana mara nyingi umeshavaa wingu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutangulia mbali na kuacha soko na chakula kwa baadaye.

Njiani angalia ukuta wa karibu kila kiwanja: mawe meusi, mepesi, yenye matundu. Ni lava hiyo hiyo. Mwezi Januari 2002 ilishuka ikakata mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaunguza Kanisa Kuu la Saint-Joseph, ikaingia ziwani. Watu walirudi wakajenga juu yake. Mitaani katikati ya mji kuna mahali ardhi ilipanda, na chini ya sakafu za leo zimo nyumba za jana. Waonyeshe watoto.

Na chukudu, bila shaka. Ule mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili, unaobeba makaa, viazi na kabichi kutoka vijijini, utaupita mara nyingi. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu iko katikati ya mji, kwenye mzunguko unaobeba jina lake. Ipige picha wakati wa kurudi, ukiwa kwa miguu.

Kuhusu picha: askari, vizuizi, bandari, mpaka na uwanja wa ndege, simu ibaki mfukoni. Hata ukiwa ndani ya bisi, hata kama unapiga mlima na askari yuko pembeni tu. Ukisimamishwa kwa hilo, boti haitakungoja.

Hatua ya 5: Ukishuka Mugunga

Usikae sana. Nunua ndizi, zungumza na watu, tazama mlima, kumbuka kwamba hapa mwaka 1994 palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi, na baada ya hapo wenyeji waliokimbia vita wamepiga hema hapa tena na tena.

Ziwa la Kijani, ambalo wengi wanaliita Lac Vert, liko upande huu. Ni kinywa cha volkano ya zamani kilichojaa maji. Lifuate tu ikiwa una muda wa kutosha na mwenyeji wa kukupeleka, kwa sababu upande huu wa mji una mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na mabonde, haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mbuzi na watu wamefia humo. Asubuhi yenye utulivu bila upepo ndiyo mbaya zaidi. Mtoto asishuke kwenye shimo lolote kufuata mpira au kujisaidia, hata kama majani yake yanapendeza.

Usiendelee mpaka Sake. Kutoka mjini ni kama kilomita 25, na siku ya boti si siku yake.

Hatua ya 6: Kurudi

Hapa ndipo siku inapoharibika, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Kwenda ni rahisi kwa sababu bisi inaondoka mjini ikiwa imejaa. Kurudi ni kinyume: mwisho wa mstari bisi inakaa mpaka ijae, na shofere hana haraka yako. Ukikuta bisi mbili, usipande yenye nafasi nzuri, panda yenye watu wengi. Ikiwa zote ni tupu, tembea kurudi Ndosho kwa miguu ukitazama nyuma, maana pale zinapita zilizokwisha kujaa nusu.

Kisha kuna kufupishwa kwa mstari. Shofere anaona foleni mbele au abiria wengi wanaoelekea upande mwingine, anageuza katikati ya njia, na konvoyeri anasema, "Tumefika, shukeni." Kabla ya kukaa, uliza waziwazi: "Mnafika Signers?" Usilipe mwanzoni. Lipa ukishaona mmepita Himbi. Ukishushwa njiani, lipa ya kipande ulichosafiri, usigombane, panda nyingine. Ugomvi unakula dakika kuliko foleni.

Saa za wanafunzi kutoka shule bisi zinajaa ghafla na mama mwenye watoto anaachwa. Ama uwahi kabla yao, ama usubiri wapite.

Mvua ni jambo la kutilia maanani kabisa, kuanzia Septemba mpaka Mei. Mvua ikianza, motari, waendesha moto, wote wanajificha chini ya mabati, na watu wote waliokuwa wapande moto wanakuja kwenye bisi. Dakika ile njia zote mbili za kurudi zinafungwa pamoja. Ukiona wingu zito juu ya ziwa, geuka hapo hapo, hata kama hujaona ulichokifuata. Jumamosi asubuhi kumbuka pia salongo: bisi huwa chache mpaka kazi ya usafi iishe.

Sasa saa yenyewe. Kongo ina majira mawili, na Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Simu iliyopangwa kwa mkono kwenye majira ya Kinshasa itakwambia una saa nzima ya ziada ambayo haipo. Wanaotoka magharibi ya nchi na wenye simu mpya wanakamatwa na hili. Linganisha simu yako na saa ya mtu wa boti kabla hujatoka. Tena tuko mpakani: simu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda na kumaliza salio lako. Chagua mtandao wako kwa mkono, la sivyo siku utakapohitaji kumpigia mtu wa boti, salio litakuwa limekwisha.

La mwisho, na ndilo lililomtoa shangazi jasho: bandari si moja. Kuna ya umma, kuna za watu binafsi karibu yake, na kuna Kituku, mbali upande wa Kyeshero, inakotia nanga mitumbwi na boti za Minova. Ukimwambia motari "nipeleke bandarini" naye anakuona na mfuko wa ndizi, anaweza kukupeleka Kituku kwa moyo safi kabisa. Taja jina la bandari uliloandika asubuhi, taja na jina la boti. Shangazi alinipigia akiwa njia ya Kyeshero. Nikamwambia, "Shangazi, mpe simu motari." Nikaongea naye, akageuza.

Kwa hayo yote, weka pesa ya moto mfuko wa peke yake, usiiguse kwa chakula. Na weka saa ya kugeuka: mimi nachukua saa ya kupanda, natoa saa nzima ya njia, natoa na nusu saa ya balaa.

Hatua ya 7: Muda uliobaki

Ukifika Signers mapema, sasa mji ni wako kwa miguu. Tembea mpaka sanamu ya chukudu. Kula sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kukaanga na bugali (ugali) na sombe (kisamvu) kwenye mgahawa mdogo, usiende hotelini ambako chakula kinachelewa. Sambaza huyu alitoka Ziwa Tanganyika, akawekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye mboga ya pwani nzima ya ziwa. Nunua fromage (jibini) ya Masisi kwa ajili ya nyumbani, uifunge vizuri isishike joto.

Hatua ya 8: Kupanda

Omba jaketi la kuokolea kabla hujakaa, lijaribu kama linafunga, na mtoto apewe la kwake linalomtosha. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shuka, tiketi utaidai baadaye. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imezidisha watu ilizama karibu na Kituku, watu wakiona kutoka ufukweni. Ukisafiri kwenda Bukavu, tafuta kiti cha katikati. Ziwa la alasiri lina mawimbi, na mbele ndiko yanakopiga zaidi.