SOMO: Mtwara hadi Dar kwa ndege, piga hesabu mwenyewe

Wakuu, kila msimu wa korosho ukiisha naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, kwa barabara ni kilomita kama 560, mbona simu inasema ndege ni 400?" Simu haijakosea. Basi linapita Mingoyo, Nangurukuru, Ikwiriri, Kibiti. Ndege inakata juu kwa juu. Shika kalamu.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya mji. Mtwara: 10.34 kusini, 40.18 mashariki. Julius Nyerere, Dar: 6.88 kusini, 39.20 mashariki.

Hatua ya 2. Toa. Unapata 3.46 na 0.98.

Hatua ya 3. Nyuzi moja ya latitudo ni km 111 hivi, kwa hiyo 3.46 × 111 = 384. Ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta. Huku kwetu tumia 110. 0.98 × 110 = 108.

Hatua ya 4. Sasa Pithagoras. 384 kwa 384, jumlisha 108 kwa 108, ni 159,120. Kipeuo cha pili: km 399. (Usijaribu hivi kwa Mtwara–London. Umbali ule dunia imeshapinda, kanuni ya pembetatu ya kwenye karatasi inakuangusha.)

Hatua ya 5. Muda. Ndege kubwa ya pangaboi aina ya Q400 hukimbia kama km 650 kwa saa, yaani dakika 37. Lakini hairuki na mwendo huo tangu ardhini: kuna kutembea uwanjani, kupanda, kushuka. Ongeza dakika 20, ndiyo maana tunasema "saa moja". Kindege cha Caravan, km 340 kwa saa, kitakula saa moja na nusu.

Hatua ya 6, inayowaliza watu: saa ya tiketi. 07:00 ni saa 1 asubuhi. Shemeji yangu alitokea uwanjani saa 7 mchana na kiroba chake cha korosho, ndege imeshafika Dar kitambo. Kuanzia 07:00 toa 6; kabla ya hapo jumlisha 6. Ikizidi 12, toa 12 tena. 19:30 ni saa 1:30 usiku.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeandika Mtwara–Pemba kwenye simu, imeniletea km 565. Jirani anasema 300 haifiki.
Jibu: Wewe umepewa Pemba ya karafuu, yeye anasema Pemba ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Angalia nchi kwanza.

Swali: Mwalimu, ukijumlisha kuwahi uwanjani na foleni ya Dar, si bora basi tu?
Jibu: Hapana, dada yangu. Weka saa mbili za kuwahi, saa moja angani, moja na nusu ya mizigo na foleni: saa nne na nusu. Basi likishika 80 bila kusimama popote ni saa saba, na hakuna basi lisilosimama. Ila kama kwako ni Mbagala, basi linakupitisha mlangoni.

Swali: Nimejaribu Lindi hadi Dar, uwanja wa Kikwetu, kwa 9.85 na 39.76. Nimepata 335.
Jibu: Sawasawa kabisa. Nauli sasa usiniulize mimi.