Sensa: vile unauliza swali la kabila bila kumjibia mtu

Haya, wale mnaotaka kuwa makarani wa sensa hapa Kenya, swali la kabila ndo linasumbua kuliko hata la umri. Mimi nilihesabu 2019 huku Likoni na makosa nilianza nayo siku ya kwanza tu.

Kwanza, usijaze kabla hujauliza. Nilifika kwa mzee mmoja, kavaa kofia yake, Kiswahili kimenyooka, kidole changu kishaenda kwa Mswahili kwenye tableti. Yeye akachungulia, "mwanangu, nani kakwambia mimi Mswahili? Mimi Mdigo." Nikafuta nikaomba radhi.

Pili, uliza "kabila lako ni lipi?" alafu nyamaza. Ukisema "nyinyi Wagiriama, sio?" wengine wataitikia tu ndo uende zako wakapike.

Tatu, jibu likiwa pana, shuka chini, na hapa usikimbie. Matokeo ya 2019 yanaonyesha Mijikenda 2,488,691, lakini hiyo ni familia nzima, ndani kuna tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma na Wajibana. Mtu akisema Mijikenda muulize Mijikenda gani, manake Mkauma akiandikwa Mgiriama kwa sababu Wagiriama ni wengi, basi Wakauma wanazidi kupungua kwa karatasi na watu wenyewe wako hapo hapo. Waluhya vilevile, kuna Mbukusu, kuna Mmaragoli, kuna Mtiriki.

Nne, akisema "andika Mkenya" usibishane naye. Sensa ya 2009 watu 610,122 walihesabiwa hivo hivo. (Wenzetu Tanzania walishaachana na swali hili, mara ya mwisho ilikuwa 1967, karani wao wa 2022 hakuwa na hii kazi.)

Watoto sasa. Baba Mkamba mama Mgiriama, usichukue la baba kimyakimya, uliza kwa kila mtoto na uandike unachoambiwa. Kuna nyumba mama na baba walianza kuvutana mbele yangu, nikaweka tableti chini nikangoja wakubaliane, chai nikapewa.

Alafu lugha. Usikisie kabila kwa lugha, Likoni kuna kijana Mjaluo kabisa na Kijaluo hajui hata salamu. Na ukipata fomu inayouliza lugha ya mama, eleza vizuri, manake watu wanataja lugha ya mama yao mzazi. Kwa maelezo ya Umoja wa Mataifa ni lugha iliyokuwa inaongewa nyumbani mtu akiwa mdogo, hata kama sahi ameisahau. Kwa hivo mama anaweza kuwa Mdigo na jibu likawa Kiswahili, ni sawa.

Kabla hujafunga kaya, wasomee majibu kwa sauti, jina na kabila, mmoja mmoja. Mzee wangu wa kofia alinifanya nirudie mara mbili.